Tumechoka na Viti Viwili na Meza

Kama wewe ni mtu wa kuingia thieta hapa Nairobi, hebu kumbuka ulichoona mara tano za mwisho. Pazia limefunguka, kama lilikuwepo. Kulia kuna sofa. Kushoto kuna meza na viti viwili. Chini kuna zulia ambalo mama ya mwigizaji mmoja analitafuta nyumbani saa hii. Nyuma, kitambaa cheusi. Hapo ndipo mfalme anafia, hapo ndipo mwizi anashikwa, hapo ndipo bibi harusi anatoroka. Hospitali ni sofa ileile ikitandikwa shuka jeupe. Bunge ni meza ileile ikiwekewa bendera.

Ukilalamika, unaambiwa huo ni mtindo. Kuna dairekta atakukalisha chini akufundishe kwamba mchezo ni mwigizaji na maneno yake, mengine ni kelele. Atakutajia Grotowski wa Poland na kitabu chake cha 1968 kuhusu thieta maskini. Sawa. Lakini Grotowski aliuchagua umaskini huo. Kundi lake lilipata ruzuku ya serikali na lilikaa na mchezo mmoja miezi na miezi kabla ya kuuonyesha. Na kuna jambo ambalo dairekta wetu huwa halitaji: katika *Akropolis*, mchezo wa Grotowski wa 1962, waigizaji walishika nyundo na mabomba ya chuma, wakajenga tanuri la kuchomea watu mbele ya macho ya watazamaji, katikati yao, mpaka ukumbi mzima ukawa kambi ya mauaji. Hiyo ndiyo thieta maskini. Ilikuwa na chuma, na misumari, na mafundi. Yetu haina hata hicho. Yetu imekosa bajeti tu, halafu ikajipa jina la Kizungu.

Mimi najenga seti. Simaanishi mapambo. Mapambo ni maua ya harusi na baluni. Seti ni kitu kinachobeba mchezo, kinachopandwa, kinachomzuia mtu kupita, kinachomfanya mwigizaji ajione mdogo au mkubwa. Nimejenga nyingi Makongeni, ile ya Jogoo Road, kwa sababu kwa miaka mingi pale palikuwa na kitu ambacho huwezi kukikodisha mjini: uwanja kati ya safu za nyumba za reli, mafundi wa kila aina hatua hamsini kutoka mlangoni, na majirani wasioona aibu kukuambia umekosea. Nasema palikuwa. Nitafika huko.

Hoja yangu ni hii. Kitu kikubwa jukwaani si anasa. Watu wa Eastlands wamezoeshwa kwamba kila kitu chao kitakuwa kidogo: chumba kimoja, dirisha moja, bomba moja la maji kwa safu nzima, na sasa jukwaa lenye viti viwili. Kikija kitu kikubwa mtaani, huwa ni tingatinga. Mtu akisema mchezo unaotuhusu hauhitaji kitu kikubwa, anasema bila kujua kwamba maisha yetu yanatosha kwenye kiti. Hayatoshi.

Nikupe mfano wa kazi, ndiyo tusibishane hewani.

Tulitakiwa kutengeneza uso wa treni ya mvuke kwa mchezo kuhusu familia ya mfanyakazi wa reli. Script ilisema tu "mlio wa treni unasikika". Tukakataa mlio. Kama baba amelima reli miaka thelathini na reli ikamla, basi watu wamwone huyo aliyemla. Tukaenda Makumbusho ya Reli, pale nyuma ya stesheni, tukasimama mbele ya injini nambari 5918, Mount Gelai. Ni Garratt ya daraja la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzani wa tani 250 hivi. Hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizo kwenye reli za upana wa mita moja duniani kote. Hicho ndicho baba zetu na babu zetu walikuwa wanakilisha mafuta, wanakisugua, wanakitengeneza, halafu jioni wanarudi kulala kwa chumba kimoja watu saba. Sasa niambie hiyo utaigiza vipi na meza.

Lakini kabla ya kupima treni, pima mlango. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii, na ndiyo wanaochora kwa kompyuta husahau. Tulitaka uso wa mita 4 kwenda juu, mita 3 kwa upana, na mbavu mbili zinazorudi nyuma mita 2 kila upande. Mlango wa ukumbi ulikuwa chini ya nusu ya hapo. Kwa hivyo treni ikazaliwa vipande vipande, kila kipande kikitosha mlangoni na juu ya pikapu, na kila kiungo kikafungwa kwa bolti na nati. Hakuna kuchomelea ukumbini. Wanakukabidhi ukumbi asubuhi, jioni watu wanaingia. Kitu kisichosimama kwa masaa mawili hakitasimama.

Halafu kuna uzani. Ukubwa wa macho si uzani, na hapo ndipo fundi anapolipwa. Ukifunika eneo lote hilo, kama mita 28 za mraba, na chipbodi ya milimita 12, kifuniko peke yake kinapita kilo 200, kabla hujaweka fremu. Nani atasukuma? Bati la geji 30, lile la mita 3, lina kilo 5 hivi. Kumi na mbili zinatosha: kilo 60. Fremu ni square tube ya inchi moja, geji 16, ambayo futi 20 zake zina kilo sita na nusu. Ishirini zikatosha. Jumla kama kilo 190, juu ya magurudumu manne, watu wawili wanaisukuma wakiwa wamejificha ndani. Watazamaji wanaona tani 250. Sisi tunasukuma friji mbili, tatu.

Bati tambarare haliwi treni, lazima lipindwe. Hilo tulipeleka Kamukunji kwa mafundi wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bodi. Wale jamaa wanapinda bati kwa bomba na nyundo ya mbao mpaka unadhani limezaliwa hivyo. Ribiti zilikuwa vifuniko vya soda, mia kadhaa, kazi ya watoto wa ploti. Taa kubwa ilikuwa sufuria. Nyuma ya bati tulishona magunia na blanketi kuukuu, kwa sababu bati tupu linaongea kila likiguswa, na hutaki treni ikohoe mama akilia. Rangi ya hudhurungi nyekundu ya East African Railways, halafu masizi.

Kila siku wazee walikuwa wanapita. Mmoja aliyefanya kazi karakana ya reli alisimama siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akasema, "Kijana, hiyo taa umeiweka kama ya lori." Tukaishusha. Mwingine akauliza mbona haina mabaki ya maji yaliyokauka pale chini, kwa sababu maji ya huko chini kwa njia ya Mombasa yalikuwa na chumvi na yalikuwa yanaacha alama nyeupe. Tukapaka chokaa. Mpaka wiki ya tatu ile treni haikuwa yangu tena. Mtaa ulikuwa unaandika mchezo ambao mwandishi hakuuandika, na walikuwa wanauandika kwa bati.

Nilipopeleka hesabu ya gharama, prodyusa alicheka. "Boss, hakuna msee hulipa tiketi kuona mabati." Akakata hesabu nusu, na hiyo nusu ikalipwa kwa vipande, cha mwisho kikifika miezi minne baadaye nikiwa nimeshaacha kupiga simu. Usiku wa kwanza watu walipotoka nje walipanga laini kupiga selfi. Si na prodyusa. Si na nyota wa mchezo. Ilibidi askari wa ukumbi awaondoe kwa treni.

Simtaji huyo mtu jina, kwa sababu si mmoja, ni tabia. Tabia hiyo ina hesabu yake: pesa inaenda kwa ukumbi, kwa mabango, kwa mwigizaji mwenye wafuasi wengi mtandaoni, na kinachobaki, kama kinabaki, kinaitwa "vitu vya stage". Fundi anaitwa wiki moja kabla ya onyesho. Haalikwi kusoma script. Anaitwa kama vile mtu huita fundi wa choo: njoo haraka, fanya, ondoka, na usiongee sana.

Sasa kuna jibu jipya: skrini. Kodisha skrini ya LED, weka picha ya treni, mambo kwisha. Nimeona skrini ikitumika vizuri, sina ugomvi na umeme. Lakini picha ya treni haiwezi kukugonga. Mwigizaji hawezi kuipanda, hawezi kuipiga teke, hawezi kujificha nyuma yake na kulia. Anasimama mbele yake uso ukiwa bluu, anafanana na mtu anayetangaza hali ya hewa. Na ile pesa ya kukodisha skrini usiku mitatu inaenda kwa kampuni moja. Pesa ya treni ya bati inapita kwa welda, kwa jamaa wa Kamukunji, kwa mwenye pikapu, kwa mama aliyetupikia chapati wiki tatu. Ukisema skrini ni rahisi, sema pia ni rahisi kwa nani.

Na wanaosema vitu vikubwa si vyetu, kwamba ni mambo ya London, nawauliza kama walilala siku ya somo la Kamiriithu. Kitu kikubwa zaidi ninachokijua kilichojengwa kwa ajili ya mchezo mmoja nchini hii hakikujengwa na kampuni. Kilijengwa 1977 na wakulima, vibarua na walimu wa kijiji cha Limuru, kwa ajili ya *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Thieta ya wazi, ya kukalisha zaidi ya watu 2,000. Ngũgĩ ameeleza jinsi walivyoanza: walipanga njiti za kiberiti chini, wakaona jukwaa litakaa wapi na watu watakaa wapi, wakatengeneza mfano mdogo, halafu wakajenga. Njiti za kiberiti! Hawakungoja mfadhili. Na kwa sababu walijenga wenyewe, walirekebisha mchezo wenyewe. Aliyejua kiwanda alisema kiwanda kikoje, aliyejua wimbo wa harusi aliusahihisha.

Serikali ilielewa haraka kuliko maprodyusa wetu. Leseni ya mchezo ilifutwa Novemba 1977, na kufikia mwisho wa Desemba Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Lakini maneno yalikuja kuchapishwa baadaye, na mtu aliachiliwa mwaka uliofuata. Thieta yenyewe ndiyo walirudia Machi 1982: polisi walikuja kwa malori wakaibomoa mpaka chini. Jiulize mbona. Kama mbao na nguzo ni mapambo tu, na mchezo ni maneno, mbona utume malori ya polisi kupigana na nguzo? Walijua kwamba watu waliojenga kitu kikubwa pamoja ni hatari kuliko watu waliokaa wakisikiliza. Mwaka wa 2022 mchezo huo ulipopanda jukwaa la Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, nilifurahi kama kila mtu. Lakini maneno ndiyo yaliyorudi. Ule ujenzi haujarudi mpaka leo.

Nitakubali jambo moja. Kuna michezo ya watu wawili na kiti ambayo itakutoa machozi, na ukiiwekea treni utaiua. Sisemi kila mchezo uwe mjengo. Nasema utupu uwe uamuzi wa dairekta, si hukumu ya prodyusa. Kiti kimoja kinakuwa na maana pale ambapo ungeweza kuweka mlima na ukachagua kiti. Kama kiti ndicho pekee ulichokuwa nacho, hicho si kiti cha sanaa. Ni kiti tu.

Tena usiniambie hatuna ujuzi. Farasi wa *War Horse*, aliyejaza kumbi za London kuanzia 2007, alitengenezwa na Waafrika, Handspring Puppet Company ya Cape Town, kwa ufito, alumini na ngozi, na watu watatu wanambeba. Kote alikopita, jina la Handspring lilienda naye. Mwaka wa 2025 kundi la wanyama wakubwa wa kadibodi na plywood, *The Herds*, lilianza safari Kinshasa likaenda mpaka kaskazini ya Ulaya. Kadibodi! Kule Malawi na Zambia, Wachewa wa Gule Wamkulu wanajenga ndovu wa nyasi na vijiti, wanaume wanaingia ndani wanacheza naye, na hakuna aliyewafundisha hesabu ya uzani. Ujuzi tunao. Tunachokosa ni mtu wa kuandika jina la fundi kwenye karatasi, na mahali pa kufanyia kazi.

Hapo ndipo narudi Makongeni.

Usiku wa mwisho wa onyesho, seti inatakiwa kutoka kabla ya asubuhi. Unaipeleka wapi? Hakuna ghala. Kwa hivyo tunafungua bolti zetu, vyuma vinauzwa kwa kilo kwa mwenye skrepu, bati linaenda kuwa paa la kuku. Mchezo unaofuata unaanza sifuri, na prodyusa anashangaa mbona seti ni ghali. Ni ghali kwa sababu tunanunua chuma kilekile kila mara. Makongeni ilitusaidia kidogo: kulikuwa na nafasi ya kuegemeza fremu ukutani, na jirani wa kuilinda. Mwisho wa 2025 nyumba zile za reli zilianza kubomolewa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu, na waliotoka wakapewa KSh 150,000 kila nyumba. Sitaandika hapa kama wakili wa wapangaji, wapo wanaojua kesi hiyo kuniliko. Naandika kama fundi. Hiyo hesabu haikuwa na safu ya uwanja. Hakuna aliyehesabu pale tulipochomelea, pale wazee waliposimama siku tatu wakiangalia taa. Ghorofa zitakuwa na parking. Kila mtu anaulizia parking.

Hapo jirani kuna Ukumbi wa Kaloleni. Aprili 23, 1950, Makhan Singh alisimama ndani yake akataka uhuru kamili wa nchi hizi za Afrika Mashariki, wakati ambao kusema hivyo kulikupeleka jela, na kweli kulimpeleka. Nyumba na kumbi za Eastlands hazikuwa mahali pa kulala tu. Zilikuwa mahali pa kusema vitu vikubwa. Sasa tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ni pesa yetu. Basi kwenye michoro ya hizo nyumba tunataka banda moja la paa la juu, lenye mlango wa mita 4, umeme wa kuchomelea na sakafu ya simiti. Moja kwa kila mradi. Wa seti watajenga humo, wa fanicha watajenga humo, watoto wa drama za shule watajenga humo.

Kwa Kaunti: kumbi zenu za Eastlands ziwe na stoo ya seti, na siku ya kusimamisha seti isilipishwe kama siku ya onyesho.

Kwa maprodyusa: fundi aitwe siku script inaposomwa mara ya kwanza, si wiki ya mwisho. Alipwe nusu kabla ya kununua chuma, na nusu usiku wa kwanza, si baada ya miezi minne. Na jina lake liandikwe kwenye programu, herufi sawa na za dairekta.

Kwa nyinyi mnaonunua tiketi, kazi yenu ni rahisi. Mkipewa programu mlangoni, tafuteni jina la aliyejenga. Kama halipo, msiingie kimyakimya. Ulizeni: "Hii kitu imejengwa na nani?" Ulizeni kwa sauti, laini yote isikie. Mkijibiwa kwamba hakuna kitu kilichojengwa, basi ulizeni mbona tiketi ni bei ileile.